Kabla ya Kutia Samaki

Dada Yunisi, umeniambia, "Nitilie wote,
wa njano, wa buluu, wale weusi wa mkanda,
mgeni akifika mapokezi ashangae kwanza
ndipo aulize bei ya chumba."
Nimekusikia. Kwa sikio moja tu nimekusikia,
la kushoto lilibaki chini ya miamba ya Bangwe
miaka ile tulipozamia na mpira wa kompresa mdomoni
na tajiri akilipa kwa kichwa cha samaki,
si kwa kichwa cha mtu.

Basi nisikilize nawe, hata kwa moja.

Ziwa ni pana. Huko anayechukiwa huhama.
Akifukuzwa jiwe hili, liko la pili, liko la mia,
ataogelea hadi Mwamgongo akitaka.
Hapa kwako ni futi sita kwa mbili,
kioo cha fundi Gwasa, silikoni bado inanuka siki.
Atakayefukuzwa humu atakimbilia wapi?
Atapanda juu, pembeni, penye bomba la hewa,
asimame hapo amekunja mapezi kama mdeni,
na siku ya tatu utamkuta anaelea.

Hao wa mkanda unaowapenda
kutwa wanakwangua mwani wa mawe na kutukanana.
Ukitia watatu, wawili wataungana, mmoja atakufa.
Tia kumi na watano. Ndiyo, kumi na watano!
Ugomvi ukigawiwa wengi hauui:
kila mmoja kofi lake, jioni wanalala.
Ila dagaa wasionje, hata unga wake,
matumbo yatawavimba.
Sasa utawakalishaje meza moja na mla nyama?

Na yule mtulivu, mwenye kibyongo cha paji,
anayetembea kama mwenyekiti wa kikao?
Nilimweka kwa daktari mmoja kule Mwanga
pamoja na wale wembamba wa mkia wa manjano, kumi na wawili.
Mchana kutwa walipishana kwa adabu.
Taa ikazimwa.
Asubuhi nikahesabu saba. Nikarudia. Saba.
Daktari akaniuliza, "Waliugua nini?"
Nikamjibu, "Usiku."

Wewe nitakuletea wa kombe,
wadogo kama kidole cha mwisho,
kila jike na ganda lake la konokono
juu ya mchanga nitakaouchekecha mwenyewe.
Wakali, watakuuma mkono ukisafisha,
lakini mkali wa mlangoni hamfuati mtu njiani.
Wembamba waende juu, hao hawadai ukuta.
Kwenye mawe ya kulia jozi moja ya wale wa milia,
jozi iliyochaguana yenyewe.
Niliwahi kuwaoza dume wa huku na jike wa kule;
ndoa ilidumu mpaka saa nane mchana.

Kambale wa madoa, hapana. Usinibembeleze.
Huyo hupenyeza mayai yake kinywani mwa mama mwingine,
na mama yule, hali chakula, amefumba mdomo,
hulea kinachowala wanawe.
Nilipomsimulia mke wangu alicheka,
kisha akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.
Sikumuuliza.

Lakini kwa sasa sitii hata mmoja.
Kwa sasa ni maji na mawe. Maji nayo hujifunza.
Yazunguke wiki tano, umeme ukikatika washa jenereta,
mpaka mawe yaote utelezi wa kijani.
Wanaoshuka treni watakuuliza unauza nini humo.
Usione haya.

Jana usiku nilipita kuangalia pampu.
Dereva wa lori la chumvi ya Uvinza
alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo, viatu mkononi,
akitazama mapovu yanavyopanda.
"Samaki wako wapi?"
Nikamwambia bado tunawachagua.
Akasogea kidogo, akaniachia nafasi.