Kamba ya Memorial

Jumanne, Memorial, kabla jua halijachemka,
kati ya marundo ya makoti ya baridi
na viatu vilivyopoteza wenzao,
Kundaeli ametundika kamba kwenye misumari
kama mwenye bucha anavyotundika utumbo.
"Hii, binti, imefika kileleni mara tatu."
Simuulizi imefika wapi.
Namuuliza imedaka wangapi.

Anacheka. Mimi sijaja kucheka.
Niteremshie zote, namwambia, nipe na kigoda.

Ya katani naijua kwa harufu.
Ndiyo iliyomshusha baba, Mzee Ndeoya wa Kibosho,
kutoka mgrivea aliokuwa akiupunguza matawi
kahawa ipate jua.
Ilimshusha upesi kuliko alivyoiomba.
Nje nzima, rangi ya uji;
ndani, mvua za miaka mitatu zilikuwa zimekula kimya kimya.
Kamba hukatikia pabovu, walisema matangani,
kana kwamba kuna aliyekuwa hajui.
Mimi nilitaka kujua pabovu panafananaje.

Basi natazama kwa vidole.
Nafumba macho, naipitisha kiganjani
pima baada ya pima,
kama atafutaye mwiba kwenye unyayo wa mtoto.
Penye ulaini uliozidi, nasimama.
Penye ugumu wa kovu, nasimama.
Ile nyekundu, nzuri kama ya sikukuu,
naikunja kitanzi, inavunjika upande mmoja:
moyo umekatika ndani ya ngozi nzima.
Naiweka chini. Kundaeli anaiokota,
anaitundika tena palepale.

Ya bluu, ya plastiki, ni ya ng'ombe.
Ikisuguana na chuma inayeyuka,
na hakuna ng'ombe aliyewahi kushuka mtini.

Ya kijani anaivuta mbele ya uso wangu:
"Ona, ina roho!"
Roho hiyo ni ya mpanda mwamba,
akianguka apokelewe taratibu.
Mimi sipangi kuanguka. Nataka kuteremka,
na kamba inayorukaruka italisaga tawi,
tawi nalo litaisaga kamba,
mpaka mmoja wao achoke.

Nachukua nyeupe. Haina hadithi.
Nene kama kidole changu cha mwisho, ngumu kidogo,
mita arobaini: za kwenda na kurudi juu ya tawi,
na ziada ya fundo mwishoni,
maana si wote wanaouawa na kamba iliyokatika.
Wengine huifikia tu mwisho wake.

Sasa chuma. Anamwaga sufuria nzima mezani.
Nane moja ina mfereji
pale kamba za watu zilipopita zikiilamba miaka;
ukucha wangu unazama. Hapana.
Kingine kina mkono: ukiuachia, kinakubana.
Bei ya mbuzi wawili, na springi imefichwa tumboni.
Kilichofichwa tumboni nimeshakizika mara moja.
Nachukua nane isiyo na mkwaruzo,
na kijikamba chembamba cha kuzungushia,
fundo litakaloshika mkono wangu ukishindwa:
nyuki wakija, au siafu, au kizunguzungu.

"Kupanda mchongoma," anaanza Kundaeli, akinihesabia chenji.
Namwacha amalizie mwenyewe.

Alhamisi, mringaringa wetu, tawi kavu juu ya zizi.
Nimelivika tawi la kushukia, lile bichi,
kipande cha bomba la zimamoto.
Nafunga. Nakagua. Nafungua,
nafunga tena, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nafikiria msumeno.
Naegemea nyuma bado nimekumbatia shina,
nauacha uzito uondoke kwangu kidogo kidogo
kama mtu anayekopesha.

Nane inapata joto. Kamba inanong'ona.
Nimemfundisha mama: nikipiga kelele, vuta zote mbili, kwa nguvu.
Yuko chini, kanga kaifunga kiunoni.
Hanitazami mimi.
Anaitazama kamba kuanzia juu, polepole,
pima baada ya pima,
na fundo la mwisho amelishika kwa mikono yote.