Misumari Minne

Mwenye nyumba alituhesabia: misumari minne,
hakuna wa tano. Alisimama mlangoni, hapa Migosi,
rangi mpya ikinuka, funguo bado mkononi mwake,
akasema ukuta ni kama ngozi, hausahau.
Wa kwanza ulibeba saa. Wa pili, kalenda ya duka la mbolea,
maana Nyakundi hupenda kujua mwezi umefika wapi.
Miwili iliyobaki tuliigombania wiki nzima.

Sanamu hazitaki msumari, alisema, ndio uzuri wake.
Akazifungua moja moja kutoka kwenye magazeti:
kiboko wa jiwe la sabuni, rangi ya chai iliyozidi maziwa;
tembo aliyevunjika mkonga njiani kutoka Tabaka
(gundi imeshika, lakini ukikaa upande wa dirisha
mshono unauona);
na mama asiye na uso, mtoto mgongoni.
Baba yake alichoka kabla ya kufika usoni,
ndivyo anavyosimulia. Siku nyingine
mzee aliishiwa msasa. Siku nyingine tena
alimwacha hivyo makusudi, ili kila aingiaye
amvike uso anaoukosa.
Mimi naamini ile ya msasa.

Mama tukamweka juu ya kabati la televisheni.
Kiboko akapewa kazi ya kuzuia mlango
usibamizwe na upepo wa ziwa.

Changu mimi ni kisanduku kimoja.
Kioo mbele, kafuri pembeni, vipepeo saba,
kila mmoja na pini kifuani kama aliyetunukiwa nishani.
Baba aliwanasa Isecheno, msituni,
kwa kipande cha chandarua alichokishonea
waya wa kuanikia nguo.
Wazuri aliwauza. Hawa ni waliokataliwa:
huyu bawa limenyofoka, huyu amepauka,
yule mkubwa wa buluu kapungukiwa kipapasio.
Chini ya kila mmoja kuna kikaratasi
na mwandiko wake ulioegemea kushoto:
*Saa nne asubuhi, baada ya mvua.*
*Karibu na daraja, juu ya kinyesi cha kima.*
*Leo Muhonja kazaliwa. Nimepata huyu tu.*

Huyo ndiye aliyepauka.

Shangazi Rasoa alipokuja aliketi, akainua macho:
"Maiti ukutani, na watu wanakula?"
Akageuza kiti, akala ngege akiwapa mgongo
mpaka mifupa ikabaki myeupe kwenye sahani.
Kisha akanawa, akaomba miwani yangu,
akasimama mbele ya kioo muda mrefu,
midomo ikichezacheza. Alisoma vyote saba.
Hakusema kitu. Aliuliza kama chai ipo.

Juzi usiku tulisahau dirisha.
Wale wadudu wa ziwa waliingia kama moshi wenye miguu,
wakaziba balbu, wakamvika kiboko manyoya,
na yule mama wa jiwe, kwa mara ya kwanza,
akawa na uso: mweusi, unaotetema,
unaobadilika nikiutazama.
Nilimwita Nyakundi aje aone.
Alipotoka bafuni walikuwa wamehamia kwenye pazia.

Asubuhi nilifagia. Nusu ndoo.
Kuku wa jirani walisherehekea.
Nani atamtundika mdudu wa ziwa?
Anaishi siku chache, na wako wengi mno,
na hakuna mzungu atakayetoa shilingi kwa mmoja.

Lakini nikipangusa kioo nilimwona, ndani,
sijui alipita ufa gani,
amelala chini ya yule wa buluu, bila pini,
mdogo kama koma.

Msumari wa nne uko kwenye droo ya vijiko.
Nyakundi anautakia kioo cha kujitazamia.
Mimi bado sijamjibu.
Nilifungua kisanduku, harufu ya kafuri ikanipiga,
nikakata ukingo wa kalenda, mwezi uliopita,
nikaandika, mwandiko wangu nao ukiegemea:
*Migosi. Usiku. Dirisha tulilisahau.*