Jiwe Chini ya Mbabula

Kadutu hakuna mahali pa kuweka chungu kikatulia.
Mlima unashuka, nyumba zimeshikana mabega zisiteleze,
na mbabula ya Nsimire, shemeji yangu,
ina mguu mmoja uliokanyaga jiwe,
jiwe bapa, ukubwa wa daftari,
alilolichagua mwenyewe mferejini baada ya mvua.

Nikauliza: la nini?
Akasema: Mwalimu, tazama mafuta.

Nimefundisha fizikia miaka kumi na mitatu.
Nimechora ubaoni joto likisafiri, mishale myekundu,
kutoka penye moto kwenda penye baridi;
wanafunzi sitini wakanakili, wakanyamaza.
Mshahara ulipogeuka kuwa habari tu,
kama mvua unayosikia imenyesha Uvira,
nikaja kuomba kazi penye moshi.

Kuku wangu wa kwanza alikuwa mzuri kwa macho.
Cubaka wa pikipiki alilipa, akakaa kwenye benchi, akauma,
akasita.
Akalirudisha paja sahanini, polepole, kwa heshima.
"Mwalimu," akasema, "huyu bado anawika."
Kando ya mfupa damu ilikuwa mbichi.
Benchi zima likacheka. Hata mimi nilicheka,
siku tatu baadaye.

Nsimire hakucheka. Alichukua kisu.
"Huyu ametoka kwenye sanduku, ametoka mbali kuliko sisi sote,
amelala kwenye barafu majuma yasiyo na hesabu.
Ngozi imesahau baridi. Mfupa haujasahau.
Ukimharakisha atakuvalia kanzu ya dhahabu,
na ndani atabaki alivyokuja."

Basi sasa naamka kabla ya kengele ya parokia,
namtoa barafuni, namweka kwenye beseni
apate kwanza habari za mji.
Vipande vilingane. Paja nalipasua hadi mfupani, mara mbili,
mafuta yapate mlango.
Chumvi, ndimu, tangawizi;
kisha kitambaa, namfuta kama mtoto aliyetoka kuoga,
maana tone moja la maji ndani ya karai
lina hasira kuliko prefe siku ya ukaguzi.

Kipimajoto changu kilibaki shuleni, kabatini,
na mwenye ufunguo amehamia Kamituga.
Nazamisha mpini wa mwiko:
vikizuka viputo vidogo, vya kunong'ona, ni wakati.
Vikiruka kwa kelele naondoa makala mawili,
nangoja.
Kungoja ndiko kulikonishinda maisha yangu yote.

Vipande vitano, si tisa, hata wateja wakipiga miluzi.
Mwanzo mafuta yanafoka, ni maji yanafukuzwa nyamani.
Halafu sauti inashuka, inakonda,
kama darasa linapoanza kuelewa.
Hapo natoa. Vinapumzika juu ya waya,
na joto, bila mtu kulisukuma, linaendelea kuingia:
mishale yangu ileile, ikitembea bila chaki.
Kisha moto mkali, dakika mbili, kwa ajili ya ganda.

Cubaka alirudi Jumamosi. Alikula bila neno,
akaomba pilipili, akaniachia mfupa mweupe.

Leo alasiri watoto wa jirani wamelichukua jiwe,
wamelifanya goli.
Nikaona mafuta yamelala upande mmoja,
na kidari cha juu bega lake limepauka, nje ya maji ya moto.
Niliona kabla ya Nsimire.
Nikashuka mteremko kwa kandambili, nikabishana na kipa,
nikalipa faini ya bawa moja, nikarudi na jiwe kifuani.

Nililisukuma chini ya mguu, kidogo, kidogo tena,
mpaka mstari wa mafuta ukagusa karai sawasawa kotekote.
Upana wa shibiri mbili tu,
lakini katika Kadutu nzima sijaona kingine kilichonyooka.
Nikawa naendelea kukitazama.

"Mwalimu," Nsimire akasema, "makala."