Jiwe Hili Si la Hapa

Nilimbebea mawe Bi Eufrasia Mpangala wiki tatu,
kwa ujira wa siku na kopo la samaki jioni,
toka Buhingu, ziwa likiwa mgongoni,
hadi kule juu ambako pumzi inauzwa rejareja.
Kila jiwe alilipa namba, kila namba mfuko,
kila mfuko bega langu.

"Naisi," alisema siku ya kwanza, akalilamba.
Naam, alilamba jiwe, mtu mzima na miwani yake,
na mistari ikajitokeza: nyeupe, nyeusi, ya waridi,
kama kikoi kilichokunjwa kibichi kikasahauliwa.
Nani alikikunja?
"Uzito. Na joto.
Na muda ambao huna kidole cha kuuhesabia."

Juu yake mkanda mweusi, amfiboli,
mzito kama deni la msiba.
Nyundo iliugonga ikarudi na mlio
wa kile kipande cha reli kinachotuitia shule.
Alisema hii ilikuwa lava.
Nikaigusa, ikiwa baridi, nikanyamaza.

Kwenye shisti nilijikata.
Shisti haina subira: ukiishika inaachana kurasa kurasa,
ulanga unakumwagikia viganjani,
na usiku ule nilikula ugali unaometameta.
Ndani yake mlikuwa na ganeti, nyekundu, punje za ulezi.
Tatu nilizitia kwenye kiberiti.
Hakuniuliza. Ninazo.

Marumaru tulikuta mahali pamoja tu,
pembeni mwa kijito, upana wa goli hadi goli.
Akadondosha tone la tindikali, jiwe likatoa povu.
"Hapa palikuwa na bahari."
Nikageuka kulitazama ziwa.
"Si hilo," akacheka.

Na mwisho kwatzaiti, ukingo mweupe wa mlima.
Mvua imewala majirani zake wote,
wenyewe umekaa tu, meno nje.

Mimi nilidhani kugeuka ni kuyeyuka.
"Hapana, Kalunga. Likiyeyuka linaanza upya,
linapewa na jina jingine.
Miamba geu haikuyeyuka.
Iligeuka ikiwa migumu hivyo hivyo:
punje zilipinda shingo,
zikalalia upande usiobanwa."
Akaandika hilo kwenye daftari kwa maneno mengine, marefu zaidi.

Siku ya kuondoka alikuja kwetu kuaga.
Mama alikuwa anasaga ulezi.
Bi Eufrasia aliacha chai ikapoa, akachuchumaa,
akatoa lenzi yake.
"Mama, jiwe hili si la hapa.
Hapa ni naisi mpaka majini.
Hili ni la kule juu, mwendo wa siku mbili."

Nikaona aibu. Sisi ni wa hapa,
fomu zote zinasema hapa,
marehemu baba alizijaza kwa mkono wake.

Mama hakuacha kusaga.
"Mwaka ule wa kuhamishwa," akasema,
"waliambia watu, kila mmoja na anachoweza kubeba.
Wengine walibeba kuku.
Mimi nilikuwa na mimba ya huyu, na hili."
Akapuliza unga.
"Tulipofika bondeni nikatazama nyuma.
Paa letu lilikuwa linatoka moshi,
na jikoni sikuwa nimeacha moto."

Sikuwahi kulisikia hilo. Miaka ishirini na sita
nimekula uji wa jiwe lile.

Ramani ilikuja baada ya masika mawili, ndani ya mrija wa karatasi.
Kijiji chetu kimepakwa waridi. Shisti ni kijani,
marumaru ni ukucha wa buluu,
na mahali alipokuwa hana hakika
amechora mstari wa vidonda vidonda: *mpaka uliokisiwa.*
Kwatzaiti, njano, iko mbali, juu kabisa.

Nimechukua kalamu ya mwanangu.
Katikati ya waridi nimeweka nukta moja ya njano,
na pembeni, chini ya vitengo vyote, nimeandika:
Kwatzaiti. Urefu, dhiraa moja kasorobo.
Ilifika kwa kichwa.
Umri haujapimwa.
Bado inasaga.