Kurasa Sita za Mwisho

Asubuhi natandaza turubai
kando ya ukuta usiofikiwa na jua kabla ya saa sita.
Vitabu sivipangi kwa herufi wala kwa rangi,
navipanga kwa magoti:
vya watoto chini, wanapochuchumaa,
vya wazee juu ya kreti la soda,
maana mgongo wa Mzee Onzima haukunjiki tena.

Huyo alikuwa askari. Sasa anataka nyuki tu.
Nimeshamuuzia vitabu vitatu vya nyuki,
na cha nne, chenye picha za mizinga ya udongo,
huja kukisoma bure kila Jumanne,
akilamba kidole kabla ya kufunua ukurasa
kana kwamba asali imekwisha kufika.

Adiru, mjane, alichukua kitabu cha sheria za ardhi.
Kilikula elfu kumi na tano,
mihogo ya wiki nzima.
Kiingereza hajui. Mwanawe wa darasa la saba humfasiria jioni,
sentensi moja moja, kama mtu achambuaye mchele.
Shemeji zake wamesikia kitabu kimo ndani ya nyumba.
Mpaka wa shamba umeacha kutembea usiku.

Feta, fundi baiskeli, alitaka kitu cha kuchekesha.
Sikuwa nacho, nikampa kamusi.
Alicheka mwezi mzima.

Kuna atlasi, jalada lake lililiwa na mchwa.
Humo Kongo bado ni Zaire
na Sudan ni moja, pana, ya manjano.
Kijana wa kambi ya Rhino, jina lake Ladu,
aliitafuta nchi yake kwa kidole
akaikosa.
Akaniazima kalamu.
Akachora mstari polepole, ulimi nje,
akaandika jina,
akanirudishia kalamu na atlasi.
Siku hiyohiyo nikaipandisha bei.

Na ipo riwaya ya mapenzi
isiyo na kurasa sita za mwisho.
Namwambia kila mnunuzi: mwenzangu, hii ina kilema.
Hucheka, hulipa, hurudi wamenuna.
Sista Ayikoru wa zahanati ndiye peke yake
aliyeirudisha asidai hata senti.
Macho mekundu, vidole vina wino.

Alhamisi mvua ikaja kutoka upande wa Kongo
bila hodi.
Kabla sijainua ncha ya turubai
watu wameshaninyang'anya vitabu,
kila mmoja na alichokifikia,
mbio hadi baraza la duka la mbolea.
Mwendesha boda kakumbatia kitabu cha wakunga.
Mchinjaji, hadithi za sungura.
Binti wa saluni, nyuki wa Mzee Onzima.
Katekista Andama alisimama pembeni kabisa,
mgongo kwetu.

Mabati yalipiga kelele hata salamu haikusikika,
basi wakasoma.
Wangefanya nini?
Mchinjaji alisoma kwa midomo.
Mwendesha boda alifika kwenye picha ya mapacha
akakaa chini, sakafuni, palepale penye maji.

Ilipokatika nikahesabu: mia na arobaini na viwili.
Asubuhi vilikuwa mia na arobaini na vitatu.
Sikumuuliza mtu.
Tope lenyewe lilionyesha viatu vilivyoondoka haraka.

Jumatatu katekista akaja,
akainamia vitabu vya hesabu ambavyo hana haja navyo,
akanipenyezea bahasha ya sadaka
yenye elfu tatu, bei kamili.
Akakohoa.
Akatazama barabara, akatazama mawingu.
“Mama Drani,” akasema, “yule mwanamke,
pale stesheni, na sanduku lake…
alipanda au hakupanda?”

Nikamwonyesha njia kwa kidevu:
zahanati, dirisha la pili,
mwulize Sista Ayikoru.
Mwisho anao yeye,
kauandika nyuma ya kadi za chanjo.
Ila nenda mchana, foleni ikipungua,
na usimwambie ulivyolia.
Ataongeza ukurasa.