Kilo Arobaini

Injinia Kuriyagawa aliniachia mizani na daftari.
"Kilo arobaini. Zisizidi, zisipungue.
Na kiwe kitu ambacho kikiungua hatutalia."

Hii ni roketi yetu ya kwanza, na ya kwanza, sote twajua,
huenda ikafika,
huenda ikarudi vipande vipande ufukweni
pale barafu ya Machi inapojigonga usiku kucha.

Habari zilienea kwa wafugaji wa Hokkaido upande huu
upesi kuliko maziwa kuchacha.
Asubuhi foleni mlangoni, theluji ikiyeyuka viatuni.
Mzee Tokumitsu na kengele ya ng'ombe wake aliyekufa.
Darasa la nne na meno yao ya utotoni,
kumi na saba, ndani ya kopo la chai.
Mmoja alileta jibini, akaifikiria, akaondoka nayo.

Bi Hatsue alileta bahasha tu.
Hakusema ina nini. Niliipima: gramu kumi na mbili.
"Na ikiungua?"
Akafunga upya kitambaa chake cha kichwani.
"Ndiyo maana nimeileta huku."

Aliyesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi
hakuwahi kusimama nyuma ya mizani hii.

Nilijumlisha, nikafuta, nikajumlisha.
Kengele italia, ivuruge vipima mtetemo.
Meno hayana kibali.
Bahasha sikuiandika popote.
Makao makuu walijibu kwa mstari mmoja:
pelekeni zege.

Basi zege. Saruji, mchanga, kokoto za mtoni,
tukalimimina kwenye kalibu nyuma ya karakana
tukaenda kulala kama watu waliokwepa jambo.

Kulipokucha, mbweha alikuwa amepita juu yake.
Nyayo nne, za mnyama asiye na haraka,
na kona moja kaiparura, sijui alitafuta nini.
Zege lilikuwa bado bichi kwa baridi.

Kuriyagawa alichuchumaa, akazitazama nyayo
kama anayesoma barua ya mtu mwingine.
"Tulisawazishe?" nikauliza.
"Limepungua kiasi gani?"

"Gramu kumi na mbili," nikasema,
bila kupima.

Aliniangalia.
Kisha akainuka, akanipa mgongo, akaitazama bahari,
na akakaa hivyo
muda mrefu kuliko bahari ilivyohitaji.