Saa Moja

Dodoso lina kurasa nne, na swali la kwanza halina huruma:
Katika siku saba zilizopita,
ulifanya kazi ya malipo, japo kwa saa moja?
Nalisoma lilivyo. Tumekatazwa kuongeza neno.

Machi, mji wa Aktuma, magharibi ya Kazakhstan.
Theluji imeyeyuka nusu, imeacha tope linalovua watu viatu.
Ng'ambo ya reli mwali wa gesi unawaka usiku na mchana,
haumpikii mtu;
na huku, nyumba namba saba,
Bi Kuliash anachemsha chai kwa mavi makavu ya ng'ombe.

"Saa moja?" Anafikiri. "Nilimshonea jirani koti,
akanipa kipande cha mkia wa kondoo, wenye mafuta."
Natafuta kisanduku. Malipo kwa kitu: kipo.
Natia tiki. Bi Kuliash ameajiriwa.
Anacheka mpaka chai inamwagika,
kisha ananisihi nisimwambie mkwewe,
atakuja kukopa.

Namba kumi na mbili, kufuli.
Walitoka kusini, kwenye watu wengi na pamba chache,
serikali ikawalipia treni na kodi ya mwaka mmoja.
Mwaka ulipokwisha wakaelekea kaskazini, kwa mpango mwingine,
fomu nyingine, baridi nyingine.
Wameacha kiti cha mtoto uani, kimejaa maji.
Kwa hali hii nina nambari: sifuri tano.

Namba kumi na tisa, Bekzat amerudi jana kutoka kisimani.
Siku ishirini na nane huko, ishirini na nane hapa.
Mwanawe amejificha nyuma ya jiko, anamwita "mjomba".
Mafuta anayachimba wilayani,
kodi inalipwa mji mkuu, kampuni ilikosajiliwa,
mgongo anakuja kuukanda hapa.
Ananitajia mshahara kwa sauti ya chini, kama mtu anayetubu.
Nami njiani napiga hesabu, kwa ujinga wangu:
chukua mshahara wa Bekzat,
jumlisha na mkia wa kondoo wa Bi Kuliash,
gawanya kwa mbili.
Mtaa huu ni tajiri.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.
Nyumba ya ishirini na sita mjenzi yupo,
amekaa kizingitini anafuta buti,
na miti anaiona kwa macho.
Nurdaulet ana vyeti vitatu, vyote vya mafunzo ya serikali:
uchomeleaji wa mabomba, uendeshaji wa winchi, usalama kazini.
Kavibandika ukutani, juu ya redio, vimeanza kunjano.
Mkandarasi alileta wachomeleaji wake kwa ndege.
"Wewe huna uzoefu," walimwambia.
Akauliza uzoefu unafundishwa chuo gani.

Nasoma swali.
Jumanne jioni aliendesha teksi ya shemeji yake,
abiria wawili, mmoja hakulipa.
Saa moja na robo.
Mkono wangu umeshashuka kwenye kisanduku
anapouliza, taratibu, bila hasira,
"Na zile saa mia moja na sitini na sita na ushee zilizobaki,
mnaziandika wapi?"

Nikageuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe.
Nikaandika swali lake, kwa mwandiko mzuri,
nikaongeza jina la mtaa.
Sote wawili tulijua mashine haisomi upande ule.

Mwezi ujao ripoti itatoka na asilimia ndogo, ya kupendeza,
na mtu mwenye tai ataisoma huku akitazama kamera.
Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini na moja.
Bado nyumba kumi na moja.
Namba ishirini na nane ina mbwa.